Mlango unaoitikia bila hodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipokezi vilivyoharibika katika saratani za damu na uboho

Karatasi ya majibu imerudi, na juu yake kuna herufi na tarakimu zisizosomeka: JAK2 V617F, au CALR aina ya 1, au MPL W515L, au FLT3-ITD. Daktari ameeleza kwa dakika kumi, kichwani zimebaki mbili. Maswali yaliyo hapa ndiyo wagonjwa na ndugu zao huuliza baada ya hapo, wakishatoka nje na kuanza kutazamana. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine hayajibiki bila kuingia ndani ya seli, kwa hiyo tutaingia.

Kwanza kabisa, kipokezi ni kitu gani?

Ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa kikiwa nje na mkia ukiwa ndani. Kazi yake ni kupokea ujumbe bila kumwingiza mjumbe. Mgeni anapiga hodi barazani, wa ndani anaitika "karibu", na jikoni chai inatengwa hata kabla mgeni hajavuka kizingiti. Ndivyo seli za uboho zinavyoishi. Figo zikiona hewa ya oksijeni imepungua hutoa homoni ya erithropoyetini, nayo hupiga hodi kwa seli zinazozaa chembe nyekundu. Ini hutoa thrombopoyetini, ambayo hupiga hodi kwa seli kubwa zinazozaa chembe sahani, zile za kugandisha damu.

Kasoro tunayoizungumzia kwenye ukurasa huu ni moja, hata ikija kwa majina kumi: "karibu" inaitikwa wakati hakuna aliyebisha.

Hodi inafikaje kwenye kiini cha seli?

Tuchukue kipokezi cha thrombopoyetini, kinachoitwa MPL. Milango ya kale ya Lamu na Unguja ina mbao mbili, na katikati kuna mfaa unaozikutanisha. Kipokezi hiki nacho hufanya kazi kikiwa viwili. Homoni ikija hukutanisha vipokezi viwili na kuvigeuza kidogo, kiasi kwamba mikia yao ya ndani inakaribiana. Kwenye kila mkia ameng'ang'ania mtumishi mmoja, kimeng'enya kiitwacho JAK2. Wawili hao wakikaribiana wanawashana: kila mmoja anambandika mwenzake fosfeti, kisha wanaibandika mikia ya vipokezi vyenyewe. Hapo protini iitwayo STAT5 inapata mahali pa kukaa, nayo inabandikwa fosfeti, inajishika na mwenzake, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kukua, kugawanyika na kukataa kufa. Njia nyingine mbili, ya RAS na ya PI3K, huwashwa pembeni kwa wakati huohuo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mwili wenye afya unavyozima taa. Chembe sahani zenyewe zina MPL juu yake. Zikiwa nyingi, zinaifyonza thrombopoyetini iliyomo kwenye damu, hodi zinapungua, uzalishaji unashuka. Zikiwa chache, homoni inabaki nyingi na uboho unaongeza kasi. Hesabu inakaa kati ya elfu 150 na elfu 450 kwa kila mikrolita bila mtu kuisimamia. Kipokezi kikianza kujiitikia chenyewe, utaratibu huu wote haujali tena: hata homoni ikipungua kiasi gani, seli inaendelea kusikia hodi.

JAK2 si kipokezi. Mbona kila mtu anaanza nayo?

Ni kweli, si kipokezi. Ni mtumishi wa nyuma ya mlango. Ila bila mlango hana pa kusimama, na ndiyo maana haiwezekani kuzungumzia kimoja ukaacha kingine.

JAK2 ina sehemu mbili zinazofanana sura. Moja ndiyo inayobandika fosfeti. Ya pili, iliyopakana nayo, kazi yake kubwa ni breki. Jina lenyewe linatokana na Janus, mungu wa Warumi wa kale mwenye nyuso mbili, ingawa mwanzoni wagunduzi walitania kuwa hii ni "kinasi nyingine tu", kwa Kiingereza Just Another Kinase (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti). Mwaka 2005, makundi manne ya watafiti, Paris, Cambridge ya Uingereza, Basel na Boston, yalitangaza karibu kwa pamoja kuwa wagonjwa wengi wa damu nzito wana kosa lilelile: kwenye jeni, herufi moja G imekuwa T, na kwenye protini, asidi amino ya 617 imetoka valini ikawa fenilalanini. Hiyo ndiyo V617F. Iko kwenye ile sehemu ya breki. Mtumishi sasa anasukuma bila kungoja amri.

Kosa hili linapatikana kwa wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100 wenye polisaithemia vera, yaani damu nzito ya chembe nyekundu, na kwa zaidi kidogo ya nusu ya wale wenye sahani nyingi kupita kiasi au uboho ulioota makovu.

Kosa lilelile, mbona mmoja anapata damu nzito na mwingine anapata sahani nyingi?

Kwa sababu JAK2 inatumikia milango mingi: wa erithropoyetini, wa thrombopoyetini, na wa homoni inayozalisha chembe nyeupe. Mlango upi utaitika zaidi hutegemea, pamoja na mengine, nguvu ya ishara. Seli nyingi za mwenye damu nzito zimepoteza nakala nzima ya jeni na kubaki na nakala mbili mbovu, kwa hiyo ishara ni kali na chembe nyekundu zinafumuka. Mwenye sahani nyingi kwa kawaida bado ana nakala moja nzima. Umri, jinsia, akiba ya chuma mwilini na makosa mengine ya jeni yaliyotangulia au kufuata navyo vina mkono wao.

MPL W515L maana yake nini?

Hapa mlango wenyewe ndio mbovu. Pale kipokezi kinapotokeza ndani ya seli, chini tu ya utando, kuna kipande kifupi cha asidi amino 5 kinachokizuia kisijikutanishe na mwenzake hovyo. Ndani yake kuna triptofani, nambari 515. Ikibadilishwa kuwa leusini ni W515L. Ikiwa laisini ni W515K. Kizuizi kinalegea, vipokezi vinakutana vyenyewe. Kosa hili liliripotiwa mwaka 2006, na ni la wachache: kama wagonjwa 3 hadi 8 katika 100, kutegemea ugonjwa.

Jina MPL lina historia yake. Miaka ya 1980, watafiti wa Paris walimpata kirusi anayewapa panya lukemia. Kirusi yule alikuwa amebeba kipande cha jeni ya panya, na kilipofuatiliwa kikakutwa ni kipokezi ambacho hakuna aliyejua kinampokea nani. Mwenye hodi, thrombopoyetini, alipatikana mwaka 1994. Yaani mlango mbovu ulijulikana kabla ya mlango mzima.

CALR si kipokezi, na wala haikai kwenye utando. Inahusikaje?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Hadi mwishoni mwa 2013, karibu theluthi ya wagonjwa wenye sahani nyingi au uboho wenye makovu hawakuwa na JAK2 wala MPL iliyobadilika. Desemba mwaka huo, kundi la Vienna na Pavia na kundi la Cambridge walichapisha jibu siku moja: jeni ya kalretikulini. Watu walishangaa. Kalretikulini ni msimamizi wa ndani. Anakaa kwenye vyumba vya seli ambako protini mpya hukunjwa, anashika kalsiamu, anahakikisha protini zimekunjwa sawasawa kabla hazijatoka. Mkiani ana alama ya herufi nne inayosema: huyu asitoke nje.

Makosa ya CALR ni zaidi ya 50 kwa aina, lakini yote hufanya jambo moja. Aina ya 1 hufuta herufi 52. Aina ya 2 huongeza herufi 5. Kwa kuwa jeni husomwa herufi tatu tatu, usomaji wote unaofuata unateleza, na unateleza kwa namna ileile moja. Matokeo yake msimamizi anapata mkia mpya: uliokuwa na chaji hasi unakuwa na chaji chanya, na ile alama ya kumzuia asitoke imepotea. Akiwa humo ndani anaikuta MPL ikiwa bado changa, ikiwa na sukari zake ambazo ndiyo kazi yake kuzishika. Anaishika. Haachii. Wanapanda pamoja mpaka kwenye utando, na kwa kuwa wasimamizi wabovu hushikana wenyewe kwa wenyewe, wanaziunganisha MPL mbili na kuziwasha.

Hodi inabishwa kutoka ndani ya nyumba. Na kwa kuwa msimamizi huyu anaishika MPL na si mlango wa erithropoyetini, CALR iliyobadilika huleta sahani nyingi na makovu, si damu nzito. Ukiona CALR kwenye karatasi na mtu anakuambia una polisaithemia, uliza tena.

Kwa wenye ugonjwa wa sahani nyingi, walio na CALR huganda damu mara chache kuliko walio na JAK2, hata kama hesabu ya sahani zao ni kubwa zaidi.

FLT3-ITD ni ya familia hiyohiyo?

Wazo ni lilelile, ugonjwa ni mwingine kabisa. Tunatoka kwenye magonjwa yanayokwenda polepole kwa miaka na kuingia kwenye lukemia kali ya mieloidi, ambapo siku zinahesabiwa.

FLT3 ni kipokezi chenye kinasi yake ndani, hakihitaji mtumishi. Kikiwa kimetulia, kipande kilicho chini ya utando kinajikunja juu ya injini kama komeo. ITD maana yake kipande cha jeni cha eneo hilo kimejirudia papo hapo: wakati mwingine herufi chache, wakati mwingine mamia. Komeo lililorefushwa halifungi. Hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 4 wenye lukemia hii, na liliripotiwa kwanza Japani mwaka 1996. Kosa jingine la FLT3, la D835, liko kwenye injini yenyewe. La ajabu ni kwamba kipokezi chenye ITD hukwama kwa wingi kwenye vyumba vya ndani kabla hakijafika kwenye utando, na huko huko kinaiwasha STAT5, njia ambayo kipokezi cha kawaida cha FLT3 huigusa kidogo sana.

Dawa zipo. Midostaurini iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 baada ya jaribio la wagonjwa 717: waliokuwa hai baada ya miaka minne ni asilimia 51.4, dhidi ya 44.3 kwa waliopata kemotherapi na kidonge kisicho na dawa. Gilteritinibu ilifuata 2018, kwizartinibu 2023. (Kwenye boksi majina haya yana tahajia ya Kiingereza, usishangae.) Kwizartinibu haiiwezi D835, gilteritinibu inaiweza. Ndiyo sababu daktari hataki kusikia tu kuwa FLT3 ina kasoro. Anataka kujua ni ipi, na anataka kujua wiki hii.

Vipokezi vingine vinavyotajwa?

KIT D816V: zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wenye mastositosi ya mwili mzima, yaani kuzidi kwa seli za kinga zinazoleta mzio. Imatinibu haifanyi kazi hapo, avapritinibu inafanya. CSF3R T618I: lukemia sugu ya nutrofili (aina ya chembe nyeupe), ugonjwa adimu, iliripotiwa 2013. NOTCH1: zaidi ya nusu ya lukemia kali ya seli T. BCR-ABL1, ya lukemia sugu ya mieloidi, si kipokezi hata kidogo, ingawa inakoroga njia zilezile.

Nimerithi? Watoto wangu wapimwe?

Karibu kila mara, hapana. Kosa lilitokea kwenye seli moja ya uboho, si kwenye mbegu wala yai. Watoto hawapimwi kwa sababu tu mzazi ana JAK2. Zipo familia chache zinazorithi MPL S505N, na familia ya kwanza iliripotiwa Japani mwaka 2004. Kwa hiyo ndugu wawili watatu wakiwa na sahani nyingi, mwambie daktari.

Kuhusu lini lilitokea: watafiti wa Boston, katika kazi iliyochapishwa 2021, walihesabu makosa madogo yaliyolundikana kwenye seli za wagonjwa wawili. Mmoja aligunduliwa akiwa na miaka 34, mwingine 63. JAK2 yao ilikuwa imebadilika wakiwa na takriban miaka 9 na 19. Kwa hiyo lile swali la "nilikula nini mwaka jana" liweke pembeni.

Chembe zangu ni nyingi, au bandama imevimba. Ndiyo hii?

Mara nyingi siyo. Upungufu wa madini ya chuma hupandisha sahani. Maambukizi hupandisha sahani. Ukitolewa bandama, sahani hupanda. Kwa upande wa bandama kubwa, kwetu malaria ya kurudiarudia na kichocho hutangulia mbali kwenye orodha. Sigara na kuishi nyanda za juu hupandisha himoglobini.

Kinachomfanya daktari akaze macho ni hesabu inayobaki juu mwezi hadi mwezi bila sababu: sahani elfu 450 na kuendelea, au himoglobini zaidi ya gramu 16.5 kwa desilita kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Kuna dalili mbili ambazo watu huzitaja mwisho, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango: kuwashwa mwili mzima baada ya kuoga bila kipele chochote, na vidole vya miguu vinavyoungua na kuwa vyekundu. Zitaje mwanzo.

Maabara wanaona nini hasa?

Kwa JAK2, MPL na CALR, damu ya mkononi kwa kawaida inatosha. CALR ndiyo inayopendeza kuangalia. Kipande cha jeni hunakiliwa, kisha nakala hupangwa kwa urefu, na skrini inachora vilima. Mtu asiye na kosa ana kilima kimoja chembamba. Mwenye aina ya 1 ana viwili: kimoja mahali pake, cha pili kimesogea kushoto hatua 52. Mwenye aina ya 2, cha pili kiko kulia hatua 5 tu, kimebanana na mwenzake, na macho yaliyochoka yanaweza kukiruka.

Uboho bado unahitajika kutazama makovu. Kwenye uboho wenye makovu mengi daktari anavuta bomba la sindano na hakitoki kitu. Inabidi akate kipande kidogo cha mfupa. Na kwenye darubini, chembe nyekundu za mgonjwa huyo zina umbo la tone la machozi, zimevutwa upande mmoja kama zilizojipenyeza mahali pembamba.

Ruksolitinibu inazima JAK2. Basi inaponya?

Haiponyi. Inakaa kwenye injini ya JAK2, si kwenye breki iliyovunjika, kwa hiyo haitofautishi JAK2 mbovu na nzima. Hapo utapata majibu ya maswali matatu kwa mkupuo. Kwa nini inamsaidia hata mwenye CALR au MPL: kwa sababu wote hupitia kwa JAK2. Kwa nini inashusha damu: kwa sababu JAK2 nzima nayo inazimwa. Kwa nini haimalizi ugonjwa: kwa sababu inanyamazisha kelele, lakini seli mbovu iko palepale.

Kunyamazisha si jambo dogo. Katika jaribio lililoifikisha dawa hii kwenye idhini ya Marekani mwaka 2011, bandama ilipungua kwa asilimia 35 au zaidi kwa wagonjwa 41.9 katika 100 ndani ya wiki 24, dhidi ya 0.7 kwa wasiopata dawa. Mtu ambaye hakuweza kumaliza nusu sahani ya ugali anakula. Jasho la usiku linakoma.

Mawili ya kukumbuka. Dawa hii hulegeza kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, kwa hiyo upimwe kabla ya kuanza. Mkanda wa jeshi nao hujitokeza. Pili, usiache ghafla hata ukijisikia mzima au dawa ikikuishia. Dalili zinaweza kurudi kwa kishindo ndani ya siku chache. Piga simu kliniki vidonge vikiwa vimebaki vya wiki mbili, usingoje kopo liwe tupu.

Sasa hivi kingamwili zinazomtambua yule msimamizi mwenye mkia mpya, na kumwacha mzima, zinajaribiwa kwa wagonjwa. CALR ni shabaha nzuri kwa sababu mkia ule haupo kwa mtu mwenye afya.

Nimepewa haidroksiyurea. Si dawa ya selimundu hiyo?

Ndiyo hiyohiyo. Kwa selimundu inapandisha himoglobini ya kitoto. Kwako inapunguza kasi ya uboho kutengeneza chembe. Haigusi kipokezi wala JAK2. Wenye damu nzito hutolewa damu pia, lengo likiwa hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, chini ya asilimia 45. Jaribio la Italia lililochapishwa 2013 lilionyesha kuwa walioachwa kati ya 45 na 50 walipata vifo vya moyo na kuganda kwa damu karibu mara nne ya walioshikiliwa chini ya 45. Ukiambiwa leo ni 47, si "karibu sawa".

Hii ni saratani kweli? Wengine huiita ugonjwa wa damu tu.

William Dameshek wa Boston aliyakusanya magonjwa haya kwenye kundi moja mwaka 1951, akikisia kuwa kuna kichocheo kimoja nyuma yake. Shirika la Afya Duniani liliyaita rasmi aina za saratani mwaka 2008. Wengi huishi nayo miaka mingi. Wachache huingia kwenye makovu au lukemia kali. Majina yote mawili utayasikia kliniki ileile.

Karatasi inasema asilimia 12. Ina maana saratani yangu ni asilimia 12?

Hapana. Inasema kuwa katika nakala 100 za jeni hiyo zilizosomwa kwenye damu yako, 12 zina kosa. Kila seli ina nakala mbili, kwa hiyo kama kila seli mbovu ina nakala moja mbovu, ni kama seli 24 katika 100. Juu ya 50, tayari zipo seli zenye nakala mbili mbovu. Namba moja peke yake inasema kidogo. Mwendo wake mwaka hadi mwaka unasema zaidi. Na kwa kuwa maabara mbili zaweza kutoa 12 na 15 kwa bomba lilelile la damu, rudia kipimo pale pale ulipoanzia.